Usiku kalavati lilipoelea Darajani

Masika yale tulikuwa tunachimba mtaro wa maji ya mvua pale Darajani, mjini Zanzibar, ubavuni mwa barabara, vipande vya mita 6 na kina cha mita 2 na nusu. Chini ya lami kulikuwa na kifusi: mawe ya matumbawe, chokaa, vigae vya nyumba zilizobomolewa zamani. Kufika mita 1 na nusu, koleo likazama kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai viza, limejaa makome. Vibarua wa kutoka bara walidhani tumetoboa karo la mtu. Wenyeji wakacheka.

Pale palikuwa bahari. Mkono wa maji uliingia kutoka upande wa Funguni, ukautenga Mji Mkongwe na mitaa ya upande wa pili, na ndiyo maana huko kunaitwa Ng'ambo mpaka leo ingawa maji ya kuvuka hayapo. Soko la Darajani lilijengwa 1904. Mkono wenyewe ukafukiwa kipande kwa kipande katika karne ya 20, hata juu yake ikapita barabara. Aliyepanga kuufukia alipata ardhi, usawa wake akauacha palepale: mvua ya mitaa ya pande zote mbili bado inateremkia hapo hapo, na mdomo wa mtaro uko baharini, ambako bamvua, yaani kujaa kukubwa kwa bahari, huuziba.

Kalavati letu, njia ya maji ya chini ya ardhi, lilikuwa sanduku la zege, upana mita 2 na kimo mita 1 na nusu kwa nje, kuta za sentimita 15. Kila mita moja ya urefu ilikuwa na uzito wa tani 2.3, na sanduku zima tani karibu 14. Ncha zote mbili tulizijenga kwa matofali ya muda, tope lisiingie. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, ila jioni ile hakuna aliyeliona. Udongo wa pembeni ulikuwa haujarudishwa. Pampu ya dizeli ilikuwa inanguruma.

Muuza kahawa wa kona ile akaniuliza, "Fundi, leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kalenda. "Siulizi hiyo, nauliza ya mwezi wa angani. Leo mwezi 15, bamvua. Maji yatajaa saa 10 alfajiri, na mawingu unayaona." Nikamwambia pampu ipo.

Pampu ikazimika usiku, dizeli imekwisha, na mvua ikanyesha. Mtaro ukajaa. Hesabu yake nyepesi: sanduku lililozibwa, likizama lote, husukuma tani 3 za maji kwa kila mita, nalo lina tani 2.3 tu. Maji yakifika mita 1.15 limeshaanza kunyanyuka. Alfajiri tulilikuta limeinua kichwa kama kiboko, tope limepenya chini yake.

Tukavunja tofali za ncha moja, maji yakaingia, likashuka. Lakini leveli, chombo cha kupimia usawa, ilionesha ncha ya upande wa soko iko juu kwa sentimita 8. Mtu asiyejua atasema ni kidogo. Mteremko wetu ulikuwa 1 kwa 500, yaani sentimita 1.2 tu katika kipande kizima, kwa hiyo sentimita 8 zimekula mteremko wa mita 40. Maji yangesimama, taka zikatua, na chupa za plastiki zikafanya boma humo.

Tulilinyanyua kwa jeki nne, tukaosha tope kwa mpira wa maji, tukashindilia kokoto, tukamwaga zege la chini upya. Siku mbili zikaenda. Vipande vilivyofuata sakafu yake tuliitoa nje sentimita 30 kila upande, udongo uikalie. Ncha tukaziacha wazi. Na pampu haikuzimwa mpaka udongo ulipofika juu ya paa la kalavati. Zege tulilipanga siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo. Hata hivyo maji ya shimoni hayaendi sawasawa na ya bahari: huchelewa, kwani hupenya kwenye kifusi, kwa hiyo ukiona pwani imeanza kupwa usikimbilie kuteremka.

Kwenye ubao wa kazi, pembeni ya tarehe, msimamizi aliongeza safu ya mwezi. Kila asubuhi muuza kahawa alipita kuisoma, na mara mbili aliifuta kwa kidole akaiandika upya.