Maji Newala: mi nilitaka kuchimba, jirani akacheka

Mi nimekulia Mikindani, kwetu kisima ni ndoo na kamba tu. Kwa hiyo nilipohamia Newala, huku juu ya uwanda wa Makonde, nikaanza kujenga, kitu cha kwanza nikamwambia fundi anichimbie kisima uani. Jirani yangu, mzee wa Kimakonde, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, huku juu maji hayakai, yanapita tu."

Nikabisha, si unajua ubishi wa watu wa pwani. Jumapili akanichukua tukashuka Shimo la Mungu, ule ukingo ambao ukisimama unaona bonde lote la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, na huko chini ndo nikaelewa, yaani udongo wa uwanda wa Makonde ni kichanga unanyonya kinoma, mvua ikinyesha inazama yote halafu inakuja kutokea kama chemchemi huku chini mlima unapoishia, juu huoni hata kijito. Kurudi nilibeba dumu moja la lita 20, aisee, magoti yalitetemeka mpaka Jumanne, na wamama walipanda hivyo miaka na miaka. Bomba lipo, ila maji yanasukumwa na pampu kutoka bonde la Kitangari, pampu ikigoma bomba linatoa upepo tu na dumu mtaani linapanda bei.

Nikaacha kuchimba kirefu, nikafanya kama wenyeji, kisima cha kutunzia maji ya mvua ya bati: shimo la mita 3 kwa 3, kina mita 2, nondo, saruji, juu nikafunika zege. Hiyo ni lita 18,000. Sisi tunatumia madumu manne kwa siku, lita 80, kwa hiyo likijaa mvua zinapokata tunafika siku 225, Desemba hiyo. Bati langu lina mita za mraba 72, mvua ya milimita 10 tu ni kama lita 700, ukitoa zinazomwagika kwenye gata.

Nilikosea kitu kimoja. Huku miezi ya kiangazi watu wanapulizia mikorosho salfa, dawa ya unga, lile vumbi linatua kwenye mabati, na mi mvua ya kwanza nikaiachia yote iingie kisimani. Maji yakanuka, tukafulia na kumwagilia tu mpaka Februari. Sasa hivi bomba la gata nimeweka kiungo cha kuchomoa, mvua mbili za mwanzo zinamwagika nje, mke wangu analalamika zinaharibu mchicha wake.