Unene wa spesa hutoka kwenye vipimo vya rimu

Hapa Tabora mtu akinunua rimu za spoti zilizotumika huangalia kwanza sura yake, na suala la spesa, yaani kisahani cha chuma kinachowekwa kati ya rimu na habu ili kulisogeza gurudumu nje, hujitokeza pale gurudumu linapogusa kalipa inayobana pedi za breki au shokomzoba. Ndipo fundi anapoambiwa atafute spesa "ya kutosha", kana kwamba unene hukadiriwa kwa macho. Kwa maoni yangu unene hutoka kwenye hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya rula na maandishi yaliyo nyuma ya rimu.

Tuseme rimu ya awali ina upana wa inchi 6 na alama ya ET45, na mpya ina inchi 7 na ET50. Namba inayofuata ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo gurudumu linavyozama ndani. Inchi ya ziada hugawanyika milimita 12.7 kila upande, hivyo ukijumlisha tofauti ya ET, ukingo wa ndani husogea milimita 17.7 kuelekea shokomzoba, huku wa nje ukitoka 7.7 tu. Ukiweka spesa ya milimita 18 ili urudishe nafasi yote ya ndani, ukingo wa nje utakuwa umetoka karibu milimita 26, tairi litakuwa hatarini kukwaruza madigadi, na beringi zitabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Mara nyingi nafasi yote haihitajiki. Pima pengo lililopo, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gari likiwa na mzigo, kwani anayebeba madumu ya asali kutoka Sikonge anajua springi hushuka kiasi gani.

Tundu la katikati ya spesa hupuuzwa kuliko yote, nami naliona muhimu kuliko rangi na chapa zote za dukani. Habu ya Toyota IST ina kipenyo cha milimita 54.1, ya RAV4 60.1 na ya Prado nyingi 106.1; spesa nzuri hushika habu bila kucheza, na upande wa pili ina shingo inayoshika rimu, vinginevyo usukani unaweza kutetemeka mwendo unapoongezeka.

Spesa nyembamba, kama ya milimita 5, hutumia bolti zilezile za gari, kwa hiyo hupunguza nyuzi za bolti zinazoshikwa na nati. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, yaani umbali wa milimita 1.5 kutoka uzi mmoja hadi mwingine, ambayo ni ya kawaida kwa Toyota ndogo, nati izunguke walau mara nane kamili. Isipofika, weka bolti ndefu au uachane na spesa hiyo. Nati za Nissan na Subaru zenye hatua ya 1.25 zisilazimishwe hapo. Spesa nene huja na bolti zake, lakini hakikisha bolti za habu hazichomozi juu ya uso wake, la sivyo rimu haitakaa sawa.

Kabla ya kufunga, sugua kutu na vumbi kwenye habu mpaka chuma kionekane, kisha kaza nati kwa kuvuka kama nyota, ukitumia spana inayopima nguvu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena. Anayeelekea Urambo azikague akifika huko, kabla ya kuendelea Kaliua.