Lisbon hadi Madrid kwa ndege si saa mbili na dakika ishirini

Jamaa ninayekaa naye Lisbon alitazama tiketi ya ndege ya Madrid: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa nne na dakika ishirini. Akaniambia, "Saa mbili na ushee, bado hujahesabu kuwahi uwanjani! Panda basi la usiku, ulale, uamke umefika." Ushauri huo umeniudhi mpaka leo.

Dada yangu alikuwa anatua Madrid saa kumi na mbili na nusu asubuhi akitokea Dar es Salaam, mara yake ya kwanza kufika Ulaya. Treni ya usiku iliyounganisha miji hiyo ilisimama tangu 2020, nikakata tiketi ya basi, kama yuro arobaini hivi. Linatoka saa nne usiku, mwendo wa saa nane. Nikajua saa kumi na mbili nimeshashuka.

Tunaingia kituo cha mabasi cha Méndez Álvaro, Madrid, saa yangu ya mkononi inasema kumi na mbili kamili. Ukutani saa moja. Madrid iko mbele ya Lisbon kwa saa nzima, na hakuna aliyenitajia. Nikakimbilia metro, laini ya 6 kisha ya 8, nikashuka kituo cha majengo ya abiria T1, T2 na T3, kumbe dada katokea T4, vituo viwili mbele. Nilimkuta saa mbili na nusu amekaa juu ya sanduku, kanga kichwani, korosho za mama kazikumbatia kifuani, simu haina laini. Hakunilaumu. "Pole mdogo wangu, umekimbia sana." Ningependa angenigombeza.

Kwa mstari wa angani miji hii imeachana kama kilomita 500; barabarani ni zaidi ya 600. Ndege hukaa hewani karibu saa moja, na ukijumlisha kuzunguka uwanjani inafika saa moja na dakika ishirini. Ile saa nyingine kwenye tiketi ni tofauti ya saa za miji hii tu. Madrid iko magharibi ya Greenwich na ingestahili kuwa na saa sawa na ya London, ila mwaka 1940 utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, ulisogeza saa mbele na hazikurudishwa.

Jioni ile ile tukarudi kwa ndege, haikufika yuro mia mbili kwa wawili. Dada akaisoma tiketi: kuondoka saa moja, kufika saa moja na dakika ishirini. "Hawa wamekosea kuchapa." Nikamwomba saa yake, bado ilikuwa ya Dar. Dar haibadilishi saa mwaka mzima, kwa hiyo ni kipimo kizuri kuliko simu inayojibadilisha yenyewe. Ilikuwa Julai: Madrid nyuma ya Dar kwa saa moja, Lisbon kwa mbili. (Wakati wa baridi hesabu mbili na tatu.) Ukigeuza zote ziwe za Dar, tunaondoka saa mbili usiku, tunafika saa tatu na dakika ishirini. Kwenda au kurudi, jibu ni lile lile.

Magurudumu yaligusa Lisbon, dada akainua mkono: saa tatu na robo.

"Mama hajalala," akasema. "Nipe simu yako."