Siku yangu moja na wapambe sita wa bibi harusi

Saa 12 asubuhi simu imeshajaa. Grupu la wapambe wa harusi ya mwezi ujao limechangamka tangu usiku, kila mtu katupia picha yake ya Pinterest, mmoja anataka bega moja, mwingine koseti, mwingine kaandika tu "mi mtakachoamua sawa ila mgongo wazi siwezi jamani, nna mtoto ananyonya". Huyo wa mwisho ndo nimemjibu wa kwanza. Mi ni fundi, na pia napangilia harusi nzima ivae nini, bibi harusi, metroni, wapambe, vijana wa bwana harusi mpaka tai zao, na katika wote hao wapambe ndo wanaosahaulika, wanachaguliwa kama maua ya mezani afu wanaambiwa walipe wenyewe.

Saa 1 na nusu tumekutana kituo cha Shekilango, mimi, bibi harusi na shangazi yake, tukapanda mwendokasi ya Gerezani, wima mpaka Msimbazi. Napenda kuingia Kariakoo mapema kabla mtaa wa Uhuru haujajaa watu, muuzaji anakuwa na muda wa kukushushia majora na hakuharakishi.

Bibi harusi kaja na rangi yake kichwani, ile kijani ya kufifia inayovuma sa hivi, seji. Sikumkatalia. Nimeomba tushushiwe jora tatu, seji, emeraldi na ile rangi ya chungu cha udongo, tukatoka nazo mpaka barazani kwenye jua, maana dukani kuna taa nyeupe inadanganya sana, kitambaa ulichokipenda ndani ukikifikisha nje unakuta kingine kabisa. Shangazi ni mweusi wa kung'aa kama walivyo wapambe wanne kati ya sita, nikamwekea seji begani nikapiga picha, nikamwekea emeraldi nikapiga nyingine. Bibi harusi akaangalia simu, akanyamaza, afu akasema "dada, emeraldi inamng'arisha shangazi". Seji sio mbaya jamani, kwa metroni wake ambaye ni maji ya kunde ingekaa vizuri tu, ila ngozi zetu nyingi zinapenda rangi iliyoshiba, emeraldi, maruni, zambarau, haradali, na picha ya harusi inakaa ukutani miaka. Seji yake tukaihamishia kwenye tai za vijana na riboni za maua, akafurahi kweli.

Kuja kwenye kitambaa chenyewe hapo ndo nakuwa mkali. Satini ile nyepesi inavutia dukani lakini kwa joto la Dar jasho likipita tu kwapani alama inaonekana mpaka meza za nyuma, na msichana akikaa kwenye gari kutoka kanisani anashuka mapaja yote makunyanzi. Tukachukua krepu nzito inayovutika kidogo, upana inchi 60, mita 3 kwa kila mmoja na mita 2 za akiba, jumla 20, zote jora moja. Jora mbili za rangi moja zinaweza kupishana kwa sababu hazikutiwa rangi kwa pamoja, mkononi huoni tofauti, kwenye picha ya wote wamepanga mstari unaiona. Tukiwa tunalipa shangazi akachepuka, karudi na doti ya kisutu, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe, kasema hata harusi iwe ya kisasa vipi hii lazima iwepo.

Saa 6 nimerudi Sinza, wapambe wanaingia mmoja mmoja. Kila mtu nimemwambia aje na kiatu atakachovaa na sidiria atakayovaa, pindo linafuata kiatu na kifua kinafuata sidiria. Napima kifua, kiuno, hipsi, bega mpaka kiuno, kiuno mpaka chini, afu namwambia inua mikono, kaa, chuchumaa kidogo. Mpambe kwetu anafanya kazi, atacheza matarumbeta barabarani, ataingia ukumbini kwa staili walizofanyia mazoezi, atashika mkia wa gauni la bibi harusi, atasogea mbele wakati ndafu inaletwa, sasa umfunge kwenye gauni asiloweza hata kupandia gari?

Kwa hiyo nimepanga hivi, rangi moja, kitambaa kimoja, urefu mmoja mpaka kifundo cha mguu, ila juu kila mtu na mshono wake. Mwenye mtoto nampa la kupishana mbele lenye zipu iliyojificha pembeni. Yule mnene mwenye kifua kikubwa, mikanda mipana ya begani, tumbo likae huru. Mwembamba koseti yake apate. Na yupo anayevaa hijabu, alishaanza kujitoa kimyakimya akidhani atatuharibia muonekano, huyo nampa mikono mirefu na mtandio wa shifoni wa rangi ile ile, na naamini ndo atakayependeza kuliko wote.

Saa 8 kapiga mama mdogo wa kwenye kamati, "mwanangu hawa watoto si wataonekana kama wamekutana stendi?" Nikamwambia hapana mama, jicho linashikwa na rangi, kitambaa na pindo, hivyo vitatu vikiwa sawa shingo zinaweza kupishana na bado ni timu moja. Nikamwomba pia hela. Ukijumlisha gauni, nywele, kucha, mekapu na viatu binti anamaliza akiba yake kwa siku ya mwenzake, so kama mnataka wote wasuke staili moja kamati ilipie, na viatu tuwaachie, gauni linafika chini, sendo zozote za dhahabu zinatosha. Kakubali viatu. Nywele kasema atalipeleka kwenye kikao cha Jumapili.

Saa 10 nakata. Vipande vyote vitazame upande mmoja, ukigeuza hata kimoja mwanga unakipiga tofauti na kinaonekana rangi nyingine. Pembeni naacha inchi nzima ya kuachia, mwezi ni mrefu na miili inabadilika.

Saa 12 jioni wakaja wa harusi ya Jumamosi hii kujaribu kwa mara ya mwisho, wao ni shifoni na picha watapigia Coco Beach, nimewawekea bitana nzito ndani maana upepo wa bahari haumuonei mtu haya.

Saa 3 usiku nimepiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikizia, gauni la mwenye mtoto, lake limetangulia ili akija kujaribu asikae sana. Nimemtumia voisi aje Jumatatu saa 4 na mtoto amlete tu, mkeka upo, na nataka nimuone akinyonyesha akiwa amelivaa kabla sijashona zipu.