Saki nyepesi ya Congo Nile Trail: usianze na saki

Tangu niseme kama tunapanga kutembea na miguu toka Gisenyi mpaka Kamembe, swali yenye inarudiaka ni moja tu: ninunue saki (mufuko ya mugongo) gani? Na naona wengi mushaenda ku intaneti, mumeona ma saki ya gramu 600, dola 300 na kitu, muko karibu kuuza simu. Ngojeni kwanza.

Congo Nile Trail iko kilomita 227, inafuata ziwa Kivu upande wa Rwanda, kupanda kushuka kupanda kushuka, ma siku kama 10 kwa mwenye anatembea. Ukivuka Petite Barrière, ule mpaka wa Goma na Gisenyi, uko karibu umefika pa kuanzia, na ukimaliza kule chini unavuka muto Ruzizi unaenda kula sambaza (samaki ndogo) Bukavu. Haiko jangwa. Njiani kuna vijiji, kuna viazi, kuna ndizi, kuna pa kulala. Kwa hiyo ile saki ya litri 65 yenye Wamarekani wanabebaka ku Pacific Crest Trail (kilomita 4,265, tena wanapitisha ma siku bila kuona duka) sisi haituhusu. Litri 35 mpaka 40 inatosha. Ukinunua kubwa utaijaza tu, sijaonaka mtu mwenye anaacha nafasi bure mu saki.

Njo maana nasema saki inunuliwe ya mwisho. Tandika vitu vyote chini, upime. Wale wapenzi wa wepesi wanahesabuka mzigo bila chakula, maji na gazi ya kupikia, na wanataka isifike kilo 4 na nusu. We ukifika 6 uko sawa. Lakini utoe ma dola juu ya kupunguza gramu 400 ku saki, na ndani kuna jean mbili? Jean ikilowa inabeba maji sawa sponji na kesho yake bado haijakauka. Na maji yenyewe, litri moja kilo moja, mtu anabeba litri 3 na ziwa iko pale pembeni! Filtre ndogo ya Sawyer haifike gramu 100 na inazuia mikrobe ya kipindupindu, na kipindupindu watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa. Kuna mama mumoja Mumarekani, Emma Gatewood, mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alimaliza Appalachian Trail yote, zaidi ya kilomita 3,000, na mufuko ya kitambaa yenye alishona mwenyewe, anaitupa ku bega. Ndani hamukuwa vitu mingi, njo siri yenyewe.

Kisha kupima njo unajua aina. Pamoja na chakula na maji, ikibaki chini ya kilo 9 hivi, saki bila fremu inaweza. Ikipita pale, tafuta yenye iko na chuma ya aluminiyamu mugongoni na mukaba ya kiuno ya kweli, hata kama saki yenyewe inafika kilo moja na kitu sawa Osprey Exos. Saki ya gramu 600 na kilo 13 ndani, yote ku mabega, hata Kibuye, ule muji wa katikati ya njia, hutafika nayo ukicheka.

Sasa mugongo. Inamisha kichwa, gusa ule mfupa unatokeza chini ya shingo, mtu ashuke na metre ya fundi nguo mpaka usawa wa juu wa mifupa ya kiuno. Hiyo sentimeta njo taye (saizi) yako, hapana urefu wako. Mi niko mrefu lakini mugongo fupi, dada yangu ananifika ku bega na tunavaa saki moja. Mukaba inakalia ile mifupa, haikalie tumbo. Ukiifunga, legeza bretele (mikanda ya mabega) kidogo. Kama mabega bado inalia, ile saki si yako.

Mitumba ya Birere, kule Goma? Mi naipenda kuliko mpya za bei ya chini. Ila ingiza mukono ndani mpaka chini kabisa. Kama kitambaa inanata ku vidole, inanuka, na inaacha vipande vyeupe vyeupe, ile rangi ya kuzuia maji imeoza na hakuna fundi wa kuirudisha, hata muuzaji akuapie "papa, hii ya Canada." Bretele imekatika mushono si shida, fundi viatu anashona na uzi wa nailoni. Fermetiri (zipu) yenye inafunguka nyuma yake, acha.

Mvua nayo: housse ya juu (kifuniko ya mvua) upepo inabeba, maji inapitia mugongoni. Weka vitu mu mufuko ya ndani. Ila usibebe mufuko ya plastiki, Rwanda ilikataza toka 2008 na ku barrière wanaichukua pale pale, utaanza safari blanketi iko wazi. Tafuta ile ya nailoni yenye unakunja mudomo.