Jibu la Mzee na Dodoso Letu

Mwaka 2002 nilikuwa mwanafunzi wa uchumi, nikapata kibarua cha kukusanya takwimu za kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Bei ilikuwa imeporomoka vibaya. Mgao wa mauzo kwa kila nchi, uliokuwa ukiibeba bei hiyo, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ulivunjika mwaka 1989, kisha kahawa ya Vietnam ikafurika sokoni. Dodoso letu liliuliza kwa nini mkulima hajang'oa mibuni, na majibu ya kuchagua yalikuwa tayari: gharama, mkopo, kutojua bei.

Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, tukiwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Bei aliijua kuliko mimi.

"Mwanangu," akasema, "baba yangu amelala humuhumu kihambani. Kahawa hii aliipanda yeye, nami nikasomeshwa kwa hiyo. Nikiing'oa, wanangu nitawakabidhi nini?"

Niliandika maneno yake pembeni mwa karatasi, maana hapakuwa na kisanduku chake.

Msimamizi hakuona shida. Kihamba kinampa manufaa, alisema, kwa hiyo mzee bado anatafuta manufaa makubwa kadiri awezavyo. Akaegemea hoja ya mwanauchumi Milton Friedman ya mwaka 1953, kwamba nadharia hupimwa kwa utabiri wake, si kwa ukweli wa dhana inazoanzia. Nilibisha, na hadi leo nabisha. Mzee angeng'oa, tungesema anatafuta manufaa. Hakung'oa, tumesema yaleyale. Hapo tumeeleza nini? Baadaye nilikuta mwanauchumi Amartya Sen alishalisema hilo mwaka 1977, akitenganisha faida ya mtu na wajibu anaojifunga nao hata ukimtia hasara. Na kabla yake mwanasosholojia Max Weber alishasisitiza kwamba kueleza tendo la mtu kunadai kwanza kuelewa maana ambayo mwenyewe analipatia tendo hilo.

Friedman ana hoja pale swali linapokuwa kiasi gani cha kahawa kitafika mnadani bei ikishuka. Lakini sisi tuliuliza kwa nini.

Tulijadiliana sana, mwishowe msimamizi akakubali kuacha nafasi ya maelezo kwa vijiji vilivyobaki. Yaliyoandikwa humo hayakufanana. Wengine walitaja makaburi, wengine urithi wa kitinda mimba, wengine nyanya walizokwisha kupanda katikati ya mibuni. Na wapo waliosema, bila kuzunguka, kwamba wanangoja bei ipande.