Siku moja maishani mwangu: gari namba 74

Nikisema kazini kwamba wikiendi naenda rali, watu wanaona yale ya kwenye tivii, matimu makubwa, mafundi kumi wamevaa sare moja, dereva ana mshahara. Mi silipwi na mtu, mi ndo nalipa. Ni dereva wa klabu, gari letu ni dogo, injini ya cc 1400, linalovuta kwa matairi ya mbele, fundi ni kaka yangu, msoma ramani ni mjomba wangu, na Jumatatu asubuhi kila mtu anarudi kwenye kibarua chake. Afu kuna wale wanaodhani rali ni kukanyaga mafuta tu na kuwa na kichaa kidogo, hao ndo wananiuma zaidi. Kwa hiyo nawasimulia Jumamosi iliyopita ilivyokwenda, rali ya siku moja msituni, steji sita, yaani vipande sita vya njia iliyofungwa ambavyo kila gari linapimwa muda wake.

Saa 10 na nusu alfajiri

Macho yako wazi kabla simu haijalia. Nguo za ndani zisizoshika moto, soksi zake, ovaroli, begi la helmeti, vyote nilivipanga mlangoni tangu jana usiku. Hamu ya kula sina lakini nakula hivyo hivyo, maana nikianza na tumbo tupu ikifika saa nane mchana mikono inatetemeka kwenye usukani.

Saa 12 asubuhi

Uwanja wa sevisi, tope, kagiza bado kapo, majenereta yananguruma. Kaka kashatandika turubai na gari liko juu ya stendi. Tunapima upepo, tunakaza nati, tunaangalia mafuta ya breki. Mkaguzi anapita anaangalia tarehe za mikanda, pini ya mtungi wa kuzimia moto, vile vikatia mkanda viwili lazima uvifikie ukiwa umefungwa kitini, na kile kifaa cha kushika shingo kinachokaa mabegani. Mwisho akauliza kile kibao cha kuwaonyesha wenzio ukipata ajali kiko wapi. Mjomba akakichomoa kwenye mfuko wa mlango, upande mmoja OK ya kijani, upande wa pili SOS nyekundu. Jamaa akaitikia kwa kichwa akaenda gari la pili. Sekunde tatu hivi, nami sikukifikiria tena hicho kibao mpaka mchana.

Saa 2 na dakika 14

Gari namba 1 limeondoka saa moja na dakika moja, na kila dakika linaondoka moja, kwa hiyo 74 ni saa mbili na dakika 14, kwenye kadi yetu ya muda imeandikwa 08:14. Hapa ndo watu wa nje wanashangaa. Hutakiwi kufika kituo cha muda saa mbili na dakika 13 wala 15, unatakiwa uingie kwenye dakika yako. Kwetu ukichelewa dakika moja ni adhabu ya sekunde 10, ukiwahi dakika moja ni dakika nzima. Yaani kuwahi ni kubaya kuliko kuchelewa. Ndo maana utakuta magari yenye kelele za kutisha yamepaki kimya nje ya kibao cha njano chenye saa, wasoma ramani wamesimama wameshika kadi wanaangalia saa mkononi, afu dakika ikigeuka tu wanatembea hadi mezani. Mjomba hajawahi kunikosesha dakika hata moja, miaka minne sasa.

Na hilo jina la msoma ramani linapotosha, ramani anaisoma njiani kati ya steji na steji tu. Ndani ya steji anasoma noti, kila kona imepewa namba, kwetu sita ni karibu imenyooka na moja ni kona ya kurudi ulikotoka. Na sisi haturuhusiwi kupita njia kabla, noti tunapewa zimeshaandikwa, kwa hiyo kona ninayoingia kwa spidi ya 110 ndo kwanza naiona kwa macho. Naiamini sauti. "Mia, kulia nne ndefu, usikate, kilimani kushoto tano inabana tatu, magogo nje." Magogo nje maana yake ukipitiliza unakutana na rundo la magogo yaliyokatwa, urefu wa nyumba, na hayasogei.

Steji ya kwanza na ya pili

Ya kwanza nilienda kwa adabu. Ukiwa wa 74 njia umeachiwa na magari 73, mengi yana nguvu mara tatu ya lako, barabara imeshakuwa mifereji miwili na katikati kuna mawe ya ukubwa wa kichwa yaliyofukuliwa. Bamba la chini ya injini linasugua muda wote, unalisikia kwenye nyayo. Ukijaribu kutoka kwenye mfereji gari linakurudisha, kwa hiyo unaamua mapema, unabreki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia haujatoka kwenye mafuta, pua inazama, mkia unalegea, ndo unageuka. Erik Carlsson, dereva wa Sweden, alishinda rali ya RAC ya Uingereza mara tatu mfululizo, 1960, 1961 na 1962, na Saab yenye injini ya chini ya cc 900 inayovuta mbele, mguu wa kushoto kwenye breki namna hiyo hiyo. Mtu akiniambia gari dogo si gari la msituni huwa namtajia huyo.

Ya pili, kilomita ya tatu, sauti ya mjomba ikakatika. Waya wa intakomu, ile tunayoongelea ndani ya gari, ulichomoka kwenye helmeti yangu. Jamani, ukimya ule. Injini inalia, kokoto zinapiga chini kama mvua ya mawe, na mbele kuna kilima sijui nyuma yake kuna nini. Nikapunguza. Mkono wa mjomba ukatokea mbele ya kioo, vidole vinne, kiganja kinaelekea kulia. Afu vitatu, kushoto. Akaniongoza hivyo hadi mwisho, kilomita tano, mkono mmoja unashika kitabu mwingine unaongea. Alishanisimulia kwamba mwaka 1955 mwandishi Denis Jenkinson alimwongoza dereva Stirling Moss kwa ishara za mikono kwenye mbio za barabarani za Mille Miglia kule Italia, noti zimeandikwa kwenye karatasi ndefu ya zaidi ya mita 5 iliyozungushwa ndani ya kiboksi, na wakashinda, ila ilikuwa bado hadithi tu kwangu. Tulipoteza kama sekunde 40. Nilimshika bega pale kwenye kibao cha stop, sikuwa na neno.

Sevisi, dakika 30

Kaka akabana waya kwa tepu, akabadilisha tairi mbili, akakuta shokapu ya nyuma kulia inavuja. Spea hatuna. "Itafika," akasema. Mafuta, maji, chai kikombe kimoja, tukatoka.

Steji ya tatu ilikuwa safi mwanzo mwisho, ya kwanza kwenye maisha yangu ambayo sikugusa mtaro hata mara moja. Mjomba akapiga hesabu njiani, tulikuwa mbele kwa sekunde 9 ya jamaa ambaye kwenye daraja letu hajawahi kuwa nyuma yangu.

Steji ya nne, na hapa saa zimenipotea

Kilomita 12. Niliianza kama saa saba kasoro. Tano, nne, tatu, mbili, moja, klachi, twende. Nawaambia nilikuwa naendesha vizuri, mtu anajua mwenyewe, noti inakuja na kona inakuja, vinakutana. Kilomita ya saba, kushoto nne juu ya kilima, nikaona alama za tairi zinaenda moja kwa moja pale ambapo barabara inakata. Afu nikaona paa. Gari namba 73 liko kwenye mtaro, limelala ubavu kidogo, moshi, hamna pembetatu njiani. Na mkono umetoka dirishani umeshika kibao. Chekundu.

Sheria haina mjadala. Ukiona SOS unasimama, uwe unaongoza rali uwe wa mwisho. Lakini sitawadanganya, ule mguu kwenda kwenye breki ulikuwa mzito. Sekunde 9 zilinipita kichwani. Nikasimama mita 60 mbele mahali pana, mjomba alishafungua mkanda kabla gari halijatulia. Mi nikabeba pembetatu yetu nikakimbia kurudi nyuma zaidi ya mita 50 kabla ya kile kilima, na helmeti kichwani, napunga mikono, maana 75 yuko dakika moja nyuma yangu na hajui chochote.

75 akasimama. Yeye kazi yake ni kupeleka habari kituo cha redio kinachofuata, nikampa namba ya gari na kilomita, akaondoka. Narudi mtaroni namkuta dereva wa 73 anamwambia mjomba, "Tuko sawa mzee, tuko sawa, nendeni tu." Bado kashika kibao, SOS inatuangalia sisi. Mjomba akamwambia taratibu, "Mwanangu, angalia mkono wako." Akaangalia. Akakigeuza, akakigeuza tena, vidole vinatetemeka mpaka kibao kinagonga mlango. Alikuwa kageuza upande.

Hapo nikapanda hasira. Nikamwambia mjomba anko twende, wako sawa, ni kibao tu. Yeye hata hakunigeukia. Alikuwa kainama dirisha la pili anamwangalia msoma ramani wao, kijana mdogo, macho wazi, hasemi, kinywa kinafunguka kama samaki. "Huyu hajaniambia kwamba yuko sawa," akasema. "Mi naamini kibao." Akazima swichi kuu, akamwambia kijana asifungue mkanda, asigeuze shingo, apumue polepole. Hamna moto, hamna mafuta yanayomwagika, kwa hiyo mtu humtoi, unamwacha mpaka daktari afike. Nikasimama pale nimeshika mtungi wa moto kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika.

Steji ikasimamishwa. Gari la uokoaji lilifika, halikuchelewa, daktari akamkagua kijana, kumbe upepo tu ulimtoka kifuani alipobanwa na mikanda, robo saa baadaye alikuwa amekaa kwenye gogo anakunywa maji. Nikashusha pumzi. Lakini steji ikishasimamishwa hamna cha kusema basi tuendelee. Ndo tukakaa. Saa moja na dakika 40. Magari yote ya nyuma yetu yamepanga foleni msituni, injini zimezimwa, jasho limekauka limekuwa baridi, ovaroli imeganda mgongoni, simu haishiki mtandao, kila baada ya muda mashali mmoja, yaani msimamizi wa njia, anapita anasema dakika kumi tu, na zile dakika kumi nilizihesabu mara sita. Huyo mashali simlaumu, kasimama hapo kwenye baridi tangu saa kumi na moja asubuhi bila malipo yoyote, na bila watu kama yeye hakuna steji inayofunguliwa. Ila uchovu ulipoingia ulikuwa wa aina yake, si wa misuli. Mwili ulijiandaa kwa kilomita 12, umepewa saba, haujui zile tano uzipeleke wapi.

Mwisho tukatolewa kwa msafara, polepole. Steji tukapewa muda uliokadiriwa na wasimamizi, na ulinirudisha nyuma ya yule jamaa kwa sekunde 4. Nimeuona kwenye karatasi nikaukunja nikaweka mfukoni.

Baada ya hapo

Sevisi ya pili sikumbuki vizuri. Kaka alisema shokapu imekufa kabisa. Steji ya tano gari lilikuwa linarukaruka nyuma kila tuta, nikalibeba tu. Ya sita jua linazama, vumbi na mwanga wa taa vinachanganyika huoni kitu, mjomba sauti imemkauka, anasoma kwa kukoroma, na mi nilikuwa nasubiri noti badala ya kuitangulia, ambayo ndo dalili kwamba kichwa kimechoka. Kona tatu za mwisho nilizipita gia moja chini ya uwezo wangu. Sijutii.

Kituo cha mwisho mjomba akashuka, akatembea na kadi, dakika ikageuka, akaikabidhi. Yaliyoanza yalikuwa 90, yaliyofika 58, sisi tulikuwa wa 41 na wa pili kwenye daraja letu.

Usiku, saa sijui ngapi

Tunafunga turubai, dereva wa 73 akaja. Kabeba pembetatu yetu, tuliiacha kule tulipotolewa kwa msafara, na kaiosha. Akasema kijana wake yuko vizuri, yuko kwenye gari la nyumbani kalala. Afu akamwambia mjomba, "Mzee, niliapa nimeshika OK." Mjomba akamwambia akae. Akachomoa kibao chetu, akachukua tepu ya waya aliyoacha kaka, akazungushia ukingo wa juu wa upande wa OK mara tatu mpaka ukawa na tuta nene unalolisikia kwa kidole, akampa tepu iliyobaki akafanye na chake.

Nikarudishwa kitini kwenye gari, gizani, nimefungwa mikanda. Mjomba akaniambia nifumbe macho. Nikapeleka mkono mlangoni, nikapapasa, nikachomoa, kidole gumba kikalikuta lile tuta.

"OK," nikasema.

"Tena," akasema.

Tukarudia mpaka kaka akaja kuomba gari apakie.